Randa Niliyoinoa Kama Simi

Kitengela,
Jumapili jioni

Dada yangu Naserian,

Takwenya. Najua umeitikia "Iko" hata kabla hujakaa chini vizuri. Mama anaendeleaje na goti? Mvua imefika huko Entarara, au bado inazunguka mlima tu? Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasema "niko sawa" na maneno yanaishia hapo. Uliponiambia ukoo umenitolea mtamba wa kuanzia upya, na kwamba wazee wananingoja Jumamosi nimpokee mbele yao, nilinyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Leo nakujibu, lakini vumilia kwanza nikueleze habari ya randa.

Randa ni chombo cha kulainishia mbao. Hii yetu ni chuma tupu, ina kisu kinachochungulia chini kidogo tu, na ukiisukuma inauvua ubao ngozi nyembamba, ndizo maranda. Fundi Mutua, Mkamba aliyeniandika kazi, ana mashine ya umeme, ila milango mizuri huimalizia kwa randa ya mkono. Wiki mbili zilizopita alisema kisu kimekuwa butu. Nikajitolea. Nilimwambia Mmaasai hafundishwi kunoa. Unanijua kwa majigambo, najua unacheka.

Nilikinoa kama simi, upanga wetu wa kiunoni, upande huu na upande ule, mpaka kikanyoa nywele za mkono. Nikakirudisha, nikaanza mlango wa mama mmoja wa hapa mjini. Randa ikakwama. Maranda yalikuwa yamejaa mdomoni mwake, nikayachokoa kwa msumari, ikakwama tena, kisha ikaanza kung'oa nyuzi za mbao. Nikageuza ubao. Nikapunguza kisu. Niliendelea hivyo mpaka saa sita mchana nikiharibu mlango wa watu, na sikukasirika wala kuona aibu. Nilisukuma tu.

Fundi alikuja akaifungua. Juu ya kisu hukaa bamba la chuma linalokibana na kuyakunja maranda yatoke vizuri. Aliviinua vyote viwili vikiwa vimebanwa, akavielekeza juani, na mwanga ukapita katikati.

"Hii si simi, Parsaloi," akasema. "Simi iko na makali pande mbili. Hii inanolewa upande moja. Mgongo inafaa kuwa sawa kama kioo ndio bamba ilale hapo. Sasa umeacha nafasi, na maranda inaingia."

Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kama tangu asubuhi mikono yangu haikuniambia kwamba randa inakataa.

"Haikuniambia," nikamjibu. "Haijaniambia kitu tangu ng'ombe waishe kwa ukame."

Akanipa kipande cha kioo, msasa na maji. Siku tatu nilisugua mgongo wa kisu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, mpaka ile alama yangu ya simi ikafutika. Kazi hiyo haina mawazo, kwa hiyo mawazo yakaja. Nilimkumbuka yule ng'ombe wetu wa mwisho, tulivyokuwa tukimwinua kwa mkia kila asubuhi. Siku aliyokataa kuinuka, wewe ulikaa chini ukalia. Mimi nilienda kunywa chai. Mpaka leo hujaniuliza, na nakushukuru.

Siku ya nne nilinoa upande mmoja tu, nikasogeza bamba karibu kabisa na makali, nikaurudia mlango ule ule. Maranda yalitoka marefu na mepesi, hata fundi wa madirisha wa jirani akaja kuangalia. Moyoni sikusikia chochote. Ila nilipokaribia fundo la mti, randa ilinisukuma kiganjani, kidogo sana, na nikaacha kabla haijang'oa. Nikaanza upande wa pili. Mlango ulipona. Usimwambie Mama nimefurahi, maana sikufurahi. Mkono ulisikia, basi, na ulikuwa haujasikia muda mrefu.

Kwa hiyo Jumamosi sitakuja. Waambie wazee nashukuru na sijakataa, kwani ng'ombe hakataliwi. Baba mdogo ampokee kwa niaba yangu, huyo mtamba alale kwa Mama, na akizaa maziwa yawe ya Mama. Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji yangu, mume wako, anayezunguka na mbuzi wa nyumba zote mbili bila kulalamika. Na huyo binti yako wa mwisho, mwambie mjomba anamtengenezea kiti.

Ukiwasomea barua hii, ishia hapo. Kwa wazee sema kazi imenibana. Wewe nakwambia ukweli. Huyo mtamba nikimpokea leo na akafa kesho, nitamvua ngozi na kuendelea na safari yangu. Mtu wa namna hiyo namwogopa, dada, na ndiye mimi kwa sasa. Sitaki ng'ombe nisiyeweza kumlilia.

Mdogo wako,
Parsaloi