Vichupa Kumi na Mbili vya Burma

Kaloleni, Jumatatu 3 Februari 2025

Nthambi,

Nimekukosea. Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Sasa salamu. Huku tuko wazima. Goti la mama yako limepoa tangu Krismasi, saa hii amekaa hapo nje anachambua mchicha na hajui naandika nini. Natumai huko Uholanzi baridi imekuachia masikio. Nitapiga hii barua picha nikutumie kwa simu, lakini nimeiandika kwa mkono kwa sababu ukinipigia nitadanganya tena.

Mesej yako ya jana nimeisoma mara nne nikiwa kazini, mpaka Njoki wa bucha ya pili akaniuliza, "Musyoka, unakata nyama ama unakata vidole?" Umesema programu yako ya kompyuta imeharibika. Ulitafuta bakteria wa kukata plastiki kwa takataka ya Dandora, na programu inakuambia hao bakteria wanatoa protini za kukata mafuta na kano, kwa vichupa vyote kumi na mbili ulivyonituma nijaze. Profesa amesema hiyo haiwezekani. Miezi miwili umeifumua na kuishona, na wiki hii unaifuta uanze upya.

Usiifute.

Unakumbuka vile ulinielezea mwaka jana, ukatumia mambo ya bucha ndio nielewe? Ulisema bakteria hana mdomo, kwa hivyo anatoa protini nje, inamkatia chakula, halafu anavuta vile vipande. Na kila protini ya kutoka nje iko na alama mwanzoni, kama ule muhuri wa daktari wa mifugo kwa ng'ombe aliyechinjwa. Kompyuta inasoma DNA yote ikitafuta huo muhuri, inakuambia hii inatoka, hii inabaki. Mimi nikasema kumbe ni kazi ya kusimama kwa geti. Ukacheka sana.

Basi programu yako haijakosea. Mimi sikuenda Dandora. Ile Jumamosi ya Novemba nilijaza vichupa vyote kwa mtaro ulio nyuma ya bucha yetu, hapa soko la nyama la Burma. Vyote. Nikaandika namba vizuri kama ulivyoniambia, "upande wa mto", "upande wa zamani", nikaviwekea vinne jivu la jiko la choma ndio visifanane na vingine. Nikaweka kwa barafu nikampelekea Mitchelle wa maabara ya hapa Nairobi akusomee DNA, na akanishukuru.

Sababu nitakuambia, na si ya kunitetea. Nimekuambia maisha yako yote kwamba nilikulia Kaloleni. Nilikuja Kaloleni nikiwa na miaka kumi na nane. Kabla ya hapo, miaka minne, nilikuwa naokota kule kwa takataka ndio mimi na mama yako tule. Yule Opicho uliyenipa namba yake, wa kunionyesha njia, tulilala chini ya turubai moja. Hapa Burma watu wananiita Daktari kwa vile nakata nyama safi. Niliogopa mtu wa Dandora aniite jina la zamani mbele ya watu. Opicho alipiga simu mara mbili siku hiyo. Sikushika.

Ni hayo. Hata ukikasirika, programu usiiguse.

Mjomba wako,
Musyoka


Kaloleni, Jumatano 19 Februari 2025

Nthambi,

Habari za siku nyingi. Hapa ni wazima. Alama ya simu inaonyesha barua uliisoma. Sikulaumu kunyamaza. Mama yako nimemwambia yote, na amenipakulia chakula siku tatu bila kuniongelesha.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Uliifuta?

Mjomba


Uholanzi, 24 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, masikio yapo. Mwambie mama goti aliweke juu ya kiti kingine, asilikunje.

Sikuifuta. Nilikuwa nimepanga kuifuta siku ile ile, saa nane mchana. Barua yako iliingia nikiwa kwa mstari wa chakula. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Miezi miwili, Mjomba. Nimelia kwa choo cha chuo nikijiona mjinga, na wewe ulikuwa unanitumia mesej za "jikaze".

Halafu nilimsomea profesa barua yako. Akauliza Burma ni nini. Nikamwambia ni mahali watu wa Nairobi wanakula nyama. Akasema, "Kwa hivyo kompyuta yako ilinusa bucha bila kuambiwa." Hakuna mtu angekubali tuijaribu kwa mtego kama huo makusudi. Imesoma DNA tu, na imejua wale bakteria wanakula nini. Sasa anaiamini kuliko mimi. Na vile vichupa vinne vya jivu vilimsumbua Mitchelle wiki nzima, amesema ukipita pale umletee mbavu.

Kwa hayo nakushukuru, na sipendi kwamba nakushukuru.

Lakini kazi yangu ni ya Dandora. Mwisho wa Machi nasimama mbele ya watu, na ya Dandora sina hata kijiko kimoja.

Na kitu kingine. Mama aliniambia habari ya kuokota nikiwa darasa la sita. Ulifikiri nilikuchagua kwa nini? Wako watu wengi wa kujaza vichupa. Nilitaka mtu anayejua upande gani ni wa zamani, ni nini kilizikwa wapi. Nilikuwa naringa nawe hapa kabla hujanidanganya.

Mpwa wako,
Nthambi


Kaloleni, Jumatano 26 Februari 2025

Nthambi wangu,

Salamu nyingi. Mama yako ameniongelesha. Amesema, "Kumbe ulikuwa unamficha mtu anayejua." Asante kwa kutofuta. Asante kwa hasira pia, niliistahili.

Jana nilienda Dandora nikiwa nimevaa ile koti nyeupe ya bucha, sikuivua. Opicho alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Daktari wa Burma. Umekuja kutibu nani?" Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kazi. Akaingia kwa kibanda chake akatoka na gambuti mbili, viatu vya mpira vya saizi yangu. Novemba alikuwa amenitafutia, akaningojea nazo mpaka jua likawa juu. Alikuwa bado ameziweka. Nikazivaa. Mama mmoja wa kuuza chupa aliniita lile jina la zamani mbele ya kila mtu. Niliitika.

Tumezunguka zile alama ulizoweka kwa ramani, zote kumi na mbili. Mbili umeziweka mahali pabaya, pale mchanga ni wa juzi. Opicho na mimi tumekuchagulia za zamani zaidi.

Jumamosi tarehe 8 Machi, kabla ya saa sita mchana, vichupa kumi na mbili vya Dandora vitakuwa mikononi mwa Mitchelle, pamoja na mbavu zake. Opicho atanipiga picha nikijaza kila kimoja, nimesimama pale pale, uso wangu ukionekana.

Mjomba wako,
Musyoka