Wamekata Pale Nilipoulizia Maji

Shemeji Mwita,

Umekufa. Figo. Tumekuzika jana hapa Nyarero, karibu na baba yako. Mvua ilinyesha, kaburi likaingia maji, vijana wakayachota kwa ndoo. Ndiyo hivyo.

Waliongea wengi. Wakubwa wa chuo, mchungaji, diwani. Walisema umefundisha muziki, umeandika vitabu, umepeleka litungu letu, ala yetu ya nyuzi, nje ya nchi. Hakuna aliyesema nani alikusomesha. Ni dada yako Bhoke, mke wangu. Hapa kwetu kijana anaoa kwa ng'ombe za mahari ya dada yake. Nilipozileta kwa baba yako, wewe ukakataa kuoa nazo. Ukataka ziuzwe uende shule. Wazee walisema umechanganyikiwa. Na Bhoke hakuacha kukutania mpaka anakufa.

"Profesa, ng'ombe zangu zinaendeleaje huko chuo? Zinatoa maziwa?"

Ulikuwa unacheka mpaka unakohoa.

Siku ile ya kumrekodi unaikumbuka? Ulikuja na kimashine chako, ukataka asage wimbi kwa jiwe huku anaimba, kama mama yenu alivyokuwa anafanya.

"Kaka, mashine ya kusaga ipo senta."

"Najua. Wewe saga tu."

"Na huko wanakulipa kusikiliza wanawake wakisaga? Mungu anakupenda wewe."

Akasaga, akaimba. Mimi nilikuwa natoka shamba, sijui kitu. Nikaita kutoka nje, "Bhoke, maji yako wapi?" Ukanipungia mkono ninyamaze. Yeye akaacha wimbo, akajibu, "Kwenye mtungi, baba Gati! Nyumba yako mwenyewe huijui?" Akacheka, akarudi kwenye wimbo. Nilidhani utapafuta pale. Ukasema, "Acha, ikae hivyo hivyo."

Tulipomzika uliniambia, "Sauti yake ninayo, shemeji. Nitakuletea." Ukaja Krismasi, umesahau. Ukaja tena, umesahau. Baadaye ukaanza kuumwa, nikaona aibu. Mtu anasafishwa damu, mimi nimdai wimbo?

Jana wanafunzi wako wamekuja na basi. Binti mmoja alisimama analia. Akasema mwaka wa kwanza ulikuwa huwapi chombo chochote cha kupiga. Unawaweka chini wamsikilize mwanamke anasaga, mpaka kila mtu aseme amesikia nini. Kumbe watu wa Dar wamemsikia mke wangu miaka yote hiyo. Mimi mumewe, hapana.

Wakauweka wimbo kwenye spika.

Ni yeye, shemeji. Jiwe lile lile, anavuta pumzi vile vile. Nikashika nguzo ya turubai. Nikawa nasubiri pale pa maji. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukaisha. Pale hapapo.

Nikamfuata yule binti.

"Mbona kuna sehemu haipo?"

"Shikamoo baba. Tuliusafisha Profesa alipolazwa. Tulitoa kelele."

"Hiyo kelele ni mimi."

Akaziba mdomo kwa mkono. Anasema ule wa mwanzo labda upo kwenye kompyuta yako, ila wewe ndiye ulikuwa unajua namna ya kuifungua. Watajaribu. Sikumgombeza. Mtoto wa watu.

Hasira ninayo na wewe. Ungeniletea tu. Wimbo ni wa wote, hata mama yenu aliuimba, wauchukue. Yale maneno ya mtungi ndiyo yalikuwa yangu. Bhoke akiniita mimi, nyumbani kwangu, siku ya kawaida. Sina pengine pa kuyasikia. Nimeanza kusahau alivyokuwa anatamka "baba Gati". Natamka mwenyewe njiani, haitoki sawa.

Na wewe nawe umeondoka. Tulikuwa tunakaa nje, unapiga litungu, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao, halafu unaniambia, "Hapa Bhoke angeingia." Nami nilikuwa najua ni hapo. Sasa nitamkumbuka na nani? Mtoto wetu Gati alikuwa mdogo, hamkumbuki mama yake.

Kama mnaonana huko, mwambie wimbo wake umepigwa na watu wamelia. Haya ya kukatwa usimwambie.

Pumzika, shemeji. Ruhusa yangu ya msiba imeisha. Kesho narudi kazini machimboni kubeba mawe.

Shemeji yako,
Baba Gati