Nilisema Nimeshiba kwa Wakwe

Jumatatu, Desemba 22. Louisville kuna baridi ya kuuma mifupa, na mimi hapa jikoni nacheka peke yangu.

Jana tulikwenda Hilliard, kule Columbus, kwa wazazi wa Wei, kijana anayetaka kumuoa binti yangu Chantal. Walitualika kwenye sikukuu yao ya Kichina, Dongzhi. Njia nzima nilisali. Nilijua wasiponipenda mimi, mwanangu ndiye atakayelia.

Mama Wei akatusimulia, Wei akitafsiri. Ni siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Baada yake mwanga huanza kurudi. Tangu zamani familia hukusanyika, na waliokufa hutengewa chakula. Watu wa kaskazini hula vifuko vya unga vyenye nyama, vilivyokunjwa kama masikio. Eti tabibu mmoja wa kale aliwapikia maskini walioumwa masikio kwa baridi. Kina Wei ni wa kusini, hula tangyuan, vidonge vya unga wa mchele kwenye maji matamu ya tangawizi. Ni vya duara kwa sababu familia ni moja, haina pembe.

Akaniwekea bakuli.

Sasa mimi nimelelewa kambi ya wakimbizi Tanzania, na mama Mrundi haswa. Alinifunza: kwa wakwe hukimbilii chakula. Unaonja, unasema umeshiba, wanajua una adabu. Basi nikaonja maji yake, nikasukuma bakuli, nikasema nimeshiba.

Mama Wei akamtazama mumewe, akanyong'onyea. Jamani! Kumbe nimeikataa familia yao mbele yao!

Chantal, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Mama, kula. Nakuomba."

Nikalivuta bakuli, nikatia kidonge kizima mdomoni, nikang'ata. Ufuta mweusi wa moto uliokuwa ndani ukaruka mpaka kidevuni. "Yesu wangu!" Mama Wei akacheka hadi machozi, akanifuta kidevu kwa mkono wake mwenyewe. Nilipomweleza kupitia Wei adabu ya kwetu, akanipiga begani: "Hata sisi mgeni hukataa kwanza. Ila si leo!"

Nilikula mabakuli mawili. Moyo ulitua.

Tulipoaga mlangoni, Mama Wei akamwagiza Wei aniulize, kwetu wazazi wa kijana huja lini kuposa? Kwa adabu ningesema tutafikiria. Nikasema Jumamosi hii.

Haya, nitawapikia nini?