Mwanamke Aliyeitwa Monabu

Sydney, 2 Machi 2025

Kwa Susu wangu Kalekye,

Sasa Susu? Magoti yanaendeleaje? Mimi niko poa, ni kazi tu hapa kwenye nyumba ya wazee: tunawaosha, tunawalisha, tunasikiliza hadithi zao. Mama ameniambia umekataa mbele ya wazee wa ukoo kuzikwa kijijini Kathiani kando ya babu, eti heri makaburi ya Lang'ata na watu usiowajua. Kwani babu alikukosea nini? Ana miaka thelathini kaburini na bado umemnunia!

Mjukuu wako,
Kasyoka

Kijiji cha Raila, Kibera, 9 Machi 2025

Kasyoka mjukuu wangu,

Mimi ni mzima, mwenye kulia ni magoti. Anayeandika ni mamako Syokau, lakini maneno ni yangu na nimemwambia asipunguze hata moja.

Babu yako alienda vitani akiwa ameshaniposa, nikamngoja. Alirudi na jina la mwanamke mdomoni. Monabu! Nilimsikia akiwasimulia wenzake wa jeshi hapa Kibera, kwa kile Kiswahili chao cha kambini, mimi nikiwa jikoni nasonga ugali. "Monabu alinifunza kazi." "Monabu akahama, nami nikamfuata." "Monabu ana masanduku, malori yanabeba mpaka yanachoka." Mimi nilikuja kuolewa nikiwa na kiondo kimoja tu.

Nikamuuliza, Monabu ni nani? Akacheka. Alicheka, Kasyoka! Tangu siku hiyo, akitaka chakula namwambia, nenda Monabu akupikie. Basi na alale na Monabu wake. Mimi Kathiani siendi.

Susu wako

Sydney, 23 Machi 2025

Susu, hujambo? Keti kwanza. Mama, hakikisha ameketi.

Leo nilikuwa nikimpa chai mzee mmoja hapa, ana miaka tisini na tisa, vitani alikuwa fundi wa ndege. Akaanza, "Nilipokuwa Monab..." Kikombe kikanitoka mkononi. Nikamuuliza, Monab ni nani? Akacheka, Susu, kama babu. Akasema si mtu. Ni herufi tano za Kiingereza, wanajeshi walifupisha. Maana yake ni kambi ya ndege za jeshi la majini, kambi ya kuhamahama. Meli za vita zilibeba ndege, na ndege zikiharibika zilihitaji mahali pa kutengenezwa nchi kavu. Basi Waingereza walifunga kambi nzima ndani ya masanduku, karakana, jiko, mahema, mpaka taa za uwanja, wakaileta huku kwa meli mwaka wa 1945. Vita vikisonga mbele, inafungwa tena, inahama. Nilimuuliza kama Waafrika walikuwepo. Alisema wabeba mizigo wa melini walitoka kila mahali, majina hayakumbuki. Huenda babu alikuwa mmoja wao.

Susu, ni kile Kiswahili cha jeshi kilichowagombanisha. Kwao kila kitu kilikuwa mtu: bunduki amelala, lori amekufa. Babu alisema "akahama" badala ya "ikahama". Hakukuwa na mwanamke. Sijui nicheke au nilie.

Mjukuu wako,
Kasyoka

Sydney, 4 Mei 2025

Susu, uko salama? Wiki sita kimya. Nikimpigia Mama anasema tu, "Mwache." Kama nimekuumiza, nisamehe. Nitumie hata neno moja.

Kasyoka wako

Raila, Kibera, 11 Mei 2025

Kasyoka, mwana wa mwanangu,

Ninakula, ninalala, usiogope. Hujanikosea. Nilikuwa na aibu.

Kwanza nilicheka mpaka Syokau akadhani nimeshikwa na wazimu. Karibu miaka themanini nimeionea wivu karakana! Halafu nikakumbuka. Babu yako akiwa mgonjwa aliniita, akasema, "Kalekye, wacha nikueleze Monabu." Nikatoka nje, nikajifanya naanika nguo, na hata sikuwa nimefua. Nilishika hasira yangu nikamwacha yeye. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Jumapili tulikutana Kawangware kwa mjomba wako Musembi. Niliwaambia wote, siku yangu ikifika nipelekeni kwa mume wangu. Wazee wakafurahi mno, wakaanza kubishana nilazwe kulia au kushoto. Nikawaambia, polepole, bado ninapumua!

Jumatano Musembi alinipeleka Kathiani. Nilikaa kando ya kaburi, nikasema, "Haya, nieleze. Leo nasikiliza." Nilikaa mpaka jua likanichoma kisogo. Nililia, sitakuficha.

Sasa umebaki wewe na huyo mzee wako. Mpe chai nzuri, umuulize: waliamka saa ngapi? Walikula nini? Mtu akikumbuka kwao alifanya nini? Usiharakishe, niandikie moja moja. Nina miaka tisini na saba, na ndiyo kwanza naanza kumjua mume wangu.

Susu wako,
Kalekye