Petro wa Kanisani na Joni wa Salama

Mukuyuni, Jumapili jioni

Baba,

Umekuwa mtu mkubwa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na leo sitaki kulia. Gazeti la Jumapili iliyopita limekuandika nusu ukurasa, wewe ambaye ulipokuwa hai hata kwenye kadi za harusi walikosea jina lako.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka moja la muziki Nairobi alikusanya santuri zako za zamani, za kanisani na za dansi, akazitia zote kwenye kaseti moja. Mwandishi wa muziki akaisikiliza. Akaandika kwamba klarineti ya Petro ni ya mtu anayeomba akiwa na hakika atajibiwa, na saksafoni ya Joni wa Salama ni ya mtu aliyekwisha kujibiwa. Akasema hajapata kusikia wapigaji wa jazz kama hao nchini. Kisha akasikitika kwamba mabwana hawa wawili hawakuwahi kukutana.

Nilicheka mpaka mshono ukapotoka, nikashona mkono wa shati kwenye kola. Nilicheka peke yangu, maana hapa kwetu siri hiyo naijua mimi tu.

Unakumbuka siku niliyoigundua? Nilikuwa bado najifunza ushonaji, nikatumwa mji wa Salama kununua vifungo. Nikasikia muziki, nikachungulia dirisha la ukumbi wa dansi. Baba yangu, mzee wa kanisa, amevaa shati la madoadoa, amefumba macho, anapuliza saksafoni na ukumbi mzima unacheza. Nje, beberu wetu mweupe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna tangazo lenye jina la Joni. Kila Jumamosi ulimpandisha beberu huyo juu ya basi ukisema unampeleka soko, na kila Jumamosi ulirudi naye. Klarineti kanisa liliipokea kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona kwenye baa. Saksafoni walishaihukumu, kwa hiyo ikakaa Salama kwa rafiki yako fundi wa baiskeli.

Ulitoka ukanishika bega. "Mumbua, mama yako asijue mpaka nife," ukasema. Nikakubali. Nilikuona mjanja kweli.

Ukafa, Baba, na bado sikusema. Huu ni mwaka wa pili. Nilijiambia namlinda Mama, maana yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na watu wana midomo.

Leo asubuhi pasta amesoma gazeti mimbarini. Alipofika kwa Petro alipaza sauti, kanisa likapiga makofi, na Mama akakaa wima kama bibi harusi. Alipofika kwa Joni, pasta akatikisa kichwa, akasema inahuzunisha mtu kupewa kipawa kama hicho akakimwaga kwenye baa. Watu wakaitikia amina. Mama naye akaitikia. Hapo ndipo nilipochomwa moyo. Niliona tumekuzika nusu tu, na ile nusu nyingine tunaitupia mawe.

Tulipofika nyumbani alikaa kuchagua ndengu kwenye ungo. Nikamwambia yote, mpaka shati la madoadoa. Mikono yake ikasimama. Nilidhani nimemuua.

"Ni saksafoni tu?" akaniuliza. "Hakuna mtu?"

Nikamwambia hakuna mtu.

Baba, sikiliza sasa, na usitafute mlango wa kutokea. Mama aliamini miaka hiyo yote kwamba una mwanamke Salama. Si mjinga; hakuna mbuzi wa kwenda soko miaka minane akose mnunuzi. Hakukuuliza kwa sababu aliogopa utamjibu. Alimwombea huyo mwanamke kila Jumamosi, bila kujua jina lake, Mungu amwondoe taratibu. Wewe uliogopa kanisa, mimi nikaogopa midomo ya watu, na yeye ndiye aliyelala na mzigo. Nimemwomba msamaha, wangu na wako. Kwa upande wako nilipiga magoti zaidi.

Halafu Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukapinduka, ndengu zikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeziokota. Sijamwona akicheka hivyo tangu tukuzike. Alikuwa akijipangusa macho kwa leso na kusema, "Mwanamke wa chuma. Nimemwonea wivu mwanamke wa chuma."

Kisha akaitaka kaseti, niliyoiagiza Nairobi wiki hii. Upande wa kwanza aliujua wote, akaimba na klarineti yako beti kwa beti. Nikageuza. Saksafoni ilipoingia akaisogelea redio. Hakuwahi kuisikia, Baba, hata mara moja. Aliinamisha kichwa, na baada ya muda nikaona kidole chake kinagonga goti. Wimbo ukaisha, akabaki akiitazama redio.

"Huyu pia ningekubali anioe," akasema.

Nimeyaandika maneno hayo hapa ili uwe nayo.

Kesho nitamwandikia yule bwana wa gazeti kwamba Petro na Joni walikutana kila siku, walilala kitanda kimoja na kunywa uji kwenye kikombe kimoja. Atafute maneno mengine ya kukusifu, maana sasa una sifa za watu wawili. Mama yeye anakwenda kwa pasta. Anasema kuna amina moja aliitoa leo na anataka kuirudisha.

Pumzika, Baba. Nakupenda, wewe na ujanja wako wote. Jumamosi ninampeleka Mama Salama. Ukumbi wako siku hizi ni duka la saruji, nimemwambia, lakini anasema haidhuru, anataka kusimama pale uliposimama. Tayari amepiga pasi nguo. Nakuahidi nitamwonyesha mahali penyewe, hata ikibidi tusogeze mifuko.

Binti yako,
Mumbua