Rimu za Matundu Sita

Roret, Jumatano, Julai 1996

Hapana, sirudishi zile rimu ndogo. Pikapu yangu ina bolti tano, na hizi rimu kubwa za kuinua gari juu ya matope zina matundu sita. Kwa hivyo fundi Otieno alitoboa upya habu, kile kitovu kinachoshika bolti za gurudumu. Leo tulijaribu, gurudumu la mbele likayumba.

"Tundu moja limeenda kando," akasema. "Lakini itatembea."

"Wewe ungembeba bibi yako nayo?"

Akaanza kufungua nati.

Mke wangu Chebet anajifungua mwezi huu. Mwaka jana tulikwama kwa matope tukienda hospitali Kaplong, na mtoto hakungoja. Tulimzika hapa nyumbani.

Naogopa, sikatai. Kesho Otieno anatoboa habu nyingine. Sitaondoka hapo mpaka gurudumu lizunguke likiwa limenyooka.