Mpunga Bado Uko Njiani

Fundi wangu Salumu,

Mashine yetu ya kukaushia mpunga imepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya hali ya mkeo.

Ulipoondoka, kile kidhibiti joto cha zamani kiliungua, tukaletewa kipya. Kina pupa kunishinda mimi, na unanijua. Kipimo cha mlangoni kikionyesha mpunga unaotoka bado mbichi, kinapandisha moto. Hakijui kuwa mpunga ulioshika moto huo uko juu kabisa kwenye mnara wa mashine, utachukua muda kuteremka. Kinaona hakuna kilichobadilika, kinapandisha tena. Mara unatoka mkavu kupita kiasi, kinashusha moto, mpunga unatoka mbichi. Tukiukoboa, chenga tupu. Akina mama wa Chumbi wakarudi kuanika kwenye majamvi.

Halafu Bi Mwajuma wako akaja na magunia ya mavuno yako ya mwisho. Akasema, "Huu ni wa hitma ya arobaini. Marehemu aliipenda mashine hii kuliko mimi, basi ukaushieni humu humu." Nikajiuliza: Watu watoke Kibiti na Ikwiriri, waje kula chenga kwenye hitma yako?

Nikamwomba tasbihi yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka? "Mkono wako una pilipili, mwanangu. Mpunga bado uko njiani." Ukishagusa moto mara moja, unakaa na uradi wako mpaka kipimo kijongee chenyewe. Nami nikajaribu hivyo kwa mpunga wa tajiri mwenye mashine, kabla ya kuugusa wako. Nilikizima kidhibiti, nikaongeza moto kidogo, nikakaa kwenye ile ndoo yako ya kupindua. Nikavuta punje za tasbihi, nikavuta. Mikono iliniwasha, wallahi. Kipimo kilipojongea, nikaujua urefu wa safari ya mpunga kwa hesabu ya punje zile. Ndipo nikakiwasha kidhibiti, nikakipunguzia ukali, nikakipangia kungoja kiasi kile kile kabla ya kurekebisha tena. Kikayumba kidogo, kikatulia.

Ndipo nikaumimina mpunga wako.

Mazikoni sikulia, fundi. Watu walinitazama, hata mimi nilijiona nina moyo mkavu. Jana kwenye hitma, Bi Mwajuma alipofunua sufuria, wali ulikuwa mzima, punje ndefu hazikugusana, na nikasikia ukisema neno lako lile. Nililia mpaka wakanitoa nje. Kumbe kilio changu nacho kilikuwa njiani. Shangazi yako alinipa maji, nikanawa uso, nikarudi kupakua.

Nakukumbuka sana. Tasbihi nimeachiwa, nimeitundika kwenye swichi ya moto. Nakuahidi hakuna atakayeugusa moto ule kabla ya kuishika, na wa kwanza kuzuiwa ni mimi.

Lala salama, fundi wangu. Mungu akupe kauli thabiti.

Mwenye mkono wa pilipili,
Riziki